Motokari za kwanza na njia za Ituri: nani alizifungulia barabara?

BUNIA, ITURI – Kila siku malori huingia Bunia kwa barabara ya Mahagi, ya Komanda na ya Kasenyi. Mengine hubeba samaki wa ziwani, mbao, mihogo na saruji. Siku zikiwa mbaya, hubeba magodoro, masufuria, mbuzi na watoto walioketi juu ya mizigo. Kwa familia nyingi ambazo leo zinaishi katika kambi ya Kigonze na kambi nyingine za wahamaji, safari ya mwisho kutoka kijijini ilikuwa juu ya lori, nyuma ya pikipiki, au kwa miguu pembeni mwa njia huku magari yakiwapita na kuwaachia vumbi.

Wachache hujiuliza gari lenyewe lilitoka wapi na lilifikaje huku. Mara nyingi historia ya motokari husimuliwa kama historia ya mafundi wa Ulaya na Marekani. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko hapa kwetu: katika mpira wa tairi, katika vichwa vya wapagazi, na katika vijiji vilivyohamishwa ili vikae kando ya barabara. Ni vizuri kuzisikia nusu zote mbili pamoja.

Mwanamke aliyekuwa fundi wa kwanza wa njiani

Motokari ya kwanza yenye injini ya petroli inayotambuliwa na wengi ni ile ya Mjerumani Karl Benz. Aliomba hati ya uvumbuzi wake tarehe 29 Januari 1886. Ilikuwa na magurudumu matatu, injini ya silinda moja isiyofikia nguvu ya farasi mmoja, na mwendo wa kilomita 16 hivi kwa saa. Pikipiki yoyote ya taksi hapa mjini ingeipita bila shida.

Watu hawakuiamini. Walisema ni kitu cha kuchezea. Aliyewaonyesha kwamba ni chombo cha safari hakuwa Benz mwenyewe bali mke wake, Bertha. Mwezi wa Agosti 1888, bila kumwaga mumewe, alichukua gari pamoja na wanawe wawili, wakaondoka Mannheim kwenda kwa mama yake huko Pforzheim, kilomita zaidi ya 100. Vituo vya mafuta havikuwepo duniani. Alipoishiwa alinunua mafuta katika duka la dawa la mji wa Wiesloch, kwa sababu wakati ule yaliuzwa kama dawa ya kuondoa madoa. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Breki za mbao zilipokwisha, alimwomba fundi viatu azivalishe ngozi. Kwenye vilima, watoto walishuka wakasukuma.

Aliporudi alimwambia mumewe kwamba gari linahitaji gia nyingine ya kupandia milima. Yeyote aliyewahi kukwama kwenye mpando wa Bogoro anamwelewa vema mama huyu. Fundi wa garaji za Bunia anayetengeneza kitu kwa waya, kwa kipande cha ngozi na kwa akili yake anafanya kazi iliyoanza siku ile ya kwanza ya safari ndefu ya gari.

Tairi lilikuwa na damu

Gari la Benz lilitembea juu ya magurudumu magumu. Lilitikisa mifupa. Mwaka huo huo wa 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Mwaka 1895, ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliingia katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi, wakiwa na gari lenye tairi za hewa. Zilipasuka njia nzima, wakaziba, zikapasuka tena. Hawakushinda, lakini walionyesha kwamba gari linaweza kukimbia juu ya hewa.

Kuanzia hapo dunia ikataka mpira, kwanza kwa baiskeli, halafu kwa motokari. Na mpira wa porini ulikuwa katika misitu ya Kongo.

Nchi hii, tangu 1885, ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kukata mitambaazi na kuleta utomvu wa mpira kwa kipimo kilichowekwa. Aliyeleta pungufu alichapwa fimbo, mke wake alifungwa kama rehani, au kijiji chake kilichomwa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na mikono ya watu ikakatwa. Hayo yaliandikwa katika ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyochapishwa mwaka 1904. Kelele zilizidi duniani hadi Leopold akalazimika kuiachia Kongo, na tarehe 15 Novemba 1908 ikawa koloni ya taifa la Ubelgiji.

Tazama tarehe hiyo. Mwezi mmoja na nusu tu kabla yake, tarehe 1 Oktoba 1908, kiwanda cha Ford huko Marekani kilitoa gari lililoitwa Model T, lile ambalo lingewafanya watu wa kawaida wawe na motokari. Baadaye mpira wa mashamba ya Asia ulichukua soko. Lakini miaka ile ya mwanzo, dunia ilipokuwa ikijifunza kutembea juu ya hewa, sehemu ya hewa hiyo ilifungiwa ndani ya mpira wa Kongo.

Gari la umeme si jambo la jana

Leo inasemwa sana kuhusu magari ya umeme kana kwamba yamezaliwa jana. Sivyo. Mwanzoni, magari ya petroli, ya mvuke na ya umeme yalishindana, na hakuna aliyejua lipi litashinda.

Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme lenye umbo la risasi kwa mwendo wa kilomita 105.88 kwa saa. Ilikuwa mara ya kwanza gari la barabarani kupita kilomita 100 kwa saa. Gari hilo liliitwa La Jamais Contente, yaani "Asiyeridhika Kamwe". Tairi zake zilikuwa za Michelin.

Petroli ilishinda baadaye kwa sababu betri zilikuwa nzito na safari zake fupi. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Gari la petroli liliwashwa kwa mkono, kwa chuma cha kuzungusha ambacho wazee wetu walikiita manivela. Injini ikirudi nyuma ghafla, manivela ilivunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye kiwashio cha umeme kilichobuniwa na Charles Kettering. Tangu hapo mtu asiye na nguvu za mikono naye aliweza kuwasha gari, na sababu mojawapo ya kupenda gari la umeme ikaondoka.

Sasa, zaidi ya miaka 100 baadaye, umeme umerudi, na betri zake zinahitaji kobalti. Kongo ndiyo inayotoa kobalti nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, kutoka upande wa Kolwezi na Likasi. Mwanzoni walitaka mpira wetu, leo wanataka kobalti yetu. Asiyeridhika Kamwe ni jina linalofaa.

Model T na akili yake

Henry Ford hakuvumbua motokari. Alichovumbua, pamoja na wafanyakazi wake, ni namna ya kuitengeneza haraka. Mwaka 1913 kiwanda chake kilianza kutumia mstari unaotembea: gari lilimfuata mfanyakazi, si mfanyakazi kulifuata gari. Muda wa kuunganisha gari moja ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi saa moja na nusu hivi. Bei nayo ikashuka, kutoka dola 850 mwaka 1908 hadi chini ya dola 300 katika miaka ya 1920. Hadi mwaka 1927, Model T zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimetengenezwa.

Gari hilo lilikuwa jepesi na lenye chuma imara, na tumbo lake lilikuwa juu ya ardhi. Lilifaa kwa njia mbaya, kwa kuwa Marekani yenyewe wakati ule ilikuwa na njia za udongo kama zetu. Lilikuwa na kasoro moja maarufu. Tangi la mafuta lilikuwa chini ya kiti cha dereva, na mafuta yalishuka kwenye injini kwa uzito wake tu, bila pampu. Kwenye mlima mkali, mafuta yakipungua, injini ilikuwa juu kuliko tangi, ikakosa mafuta na kuzimika. Dawa yake? Madereva waligeuza gari na kupanda mlima kinyumenyume. Tena gia ya kurudi nyuma ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote.

Kabla ya gari, kichwa cha mtu

Wakati Ulaya inashindana kwa mwendo, Ituri ilibeba kwa kichwa. Mwaka 1903 watafiti wawili kutoka Australia, Hannan na O'Brien, waliona dhahabu upande wa Kilo. Serikali ya Leopold ikaanza kuichimba. Vyuma, chakula cha wafanyakazi, magunia ya chumvi na vitambaa vililetwa na wapagazi, kutoka ziwani kupanda milima, au kupitia msituni kutoka upande wa mto Kongo. Mtu alibeba mzigo wa kilo 25 au 30 siku baada ya siku, na shamba lake likabaki bila mlimaji.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilizidisha mzigo. Jeshi la Kongo lilipokwenda kuwapiga Wajerumani na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, nyuma yake kulikuwa na wapagazi wengi kuliko askari. Wengi hawakurudi, walikufa kwa njaa na magonjwa zaidi ya risasi. Kwa upande wa Waingereza ilikuwa hivyohivyo, na mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi.

Hata magari ya kwanza kuvuka bara letu yalibebwa na wapagazi, ukiangalia vizuri. Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, pwani ya Namibia, tarehe 1 Mei 1909. Anaitwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa motokari. Lakini petroli yake ilitangulizwa vituoni kwa vichwa vya watu, na gari lilipozama matopeni ni watu waliolivuta. Gari lilivuka Afrika, na Waafrika walilivusha.

Mlango wa mashariki

Gari liliingia Ituri kwa njia nyingi, na moja kubwa ilikuwa ya mashariki, kupitia ziwa. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia ikaendelea: meli, reli ya Busoga hadi Namasagali, meli tena hadi Masindi Port, malori hadi Butiaba kwenye ziwa Albert. Kutoka Butiaba, meli zilivuka hadi Kasenyi na Mahagi. Mwaka 1930 meli kubwa ya Robert Coryndon iliwekwa majini kwenye ziwa hilo. Kwa hiyo sanduku la vipuri lililoshuka Mombasa lilipakiwa na kupakuliwa mara nyingi kabla ya kuonekana Kasenyi, kisha lilibaki kupanda milima hadi Bogoro na Bunia.

Upande wa magharibi, kampuni ya Vicicongo, iliyoundwa mwaka 1924, ilijenga reli nyembamba ya sentimita 60 kutoka Aketi kupitia Buta na Isiro hadi Mungbere, ilikofika mwaka 1937. Pale reli ilipokoma, malori yalichukua kazi. Malori mengi ya miaka ile yalikuwa ya Kimarekani, Ford na Chevrolet. Ford ilianza kuunganisha magari Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1922, na General Motors ikafuata mwaka 1925.

Alama ya milango hiyo miwili ingali mbele ya macho yetu. Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara, Uganda wanaendesha kushoto. Dereva anayevuka mpaka wa Mahagi hubadilisha upande. Lakini magari mengi ya Bunia yana usukani wa kuume, kwa sababu hadi leo huja kwa njia ya Mombasa na Kampala. Abiria wa mbele, aliyeketi kushoto, ndiye humwambia dereva kama anaweza kulipita lori lililo mbele. Ni historia ya miaka mingi iliyomo ndani ya neno moja: "Pita!"

Kijiji kihame, gari lipite

Lori lilipofika, wengi walilifurahia, kwa sababu lilimwondolea mtu mzigo kichwani. Lori moja lilifanya kazi ya mamia ya wapagazi. Hilo ni jema, na lisemwe.

Lakini lori linataka barabara, na barabara inataka mikono. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya wakoloni, ile ambayo watu waliiita Bula Matari, iliagiza vijiji kufyeka misitu, kuchimba mitaro, kubeba mawe na kuweka madaraja ya magogo. Mashine za kuchonga barabara zilikuwa adimu. Jembe, panga na kikapu ndivyo vilivyofungua njia. Na mvua ya Ituri haina simile: barabara iliyochimbwa leo, mwaka ujao ilitaka kuchimbwa tena. Hivyo kila kijiji kilipewa sehemu yake ya kutunza.

Ili wapatikane kwa kazi hiyo, kwa kodi, kwa pamba na kwa kuhesabiwa, watu waliamriwa kuacha vijiji vyao vya ndani na kujenga kando ya barabara. Atokaye Komanda kwenda Mambasa na Epulu anaona vijiji vimepangwa mstari mmoja mrefu, nyumba zimeitazama njia na msitu uko nyuma. Wengi hufikiri watu walipenda kukaa hivyo tangu zamani. Sivyo. Mababu waliishi ndani, karibu na mito yao, mashamba yao na makaburi yao. Walihamishwa. Gari halikuwafuata watu. Watu ndio waliolifuata gari, kwa amri.

Hilo liwafikie wale wanaoishi leo chini ya turubai na kudhani kwamba kuhama kulianza na kizazi chao. Ituri imehamishwa zaidi ya mara moja. Waliohamishwa zamani hizo walilia pia kwa ajili ya makaburi waliyoyaacha, kisha wakapanda migomba mipya, wakazaa, na vijiji vile vya barabarani vikawa kwao. Kusema hivyo si kusema kwamba ilikuwa haki. Ni kukumbuka kwamba mababu walivunjika moyo, nao walisimama tena.

Magari yenye majina, watu wasio na majina

Safari maarufu kuliko zote za magari ya zamani katika upande wetu wa Kongo ni ya kampuni ya Citroën ya Ufaransa. Tarehe 28 Oktoba 1924, magari manane yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalivuka Sahara, Niger, Chad na Ubangi, yakaingia kaskazini-mashariki mwa Kongo na kupita nchi ya Wamangbetu, kisha yakafika Kampala. Hapo yakagawanyika makundi manne kuelekea pwani na kusini, na Juni 1925 wakakutana tena Madagaska.

Magari hayo yalikuwa na ubunifu mkubwa. Nyuma hayakuwa na magurudumu ya kawaida bali mikanda mipana ya mpira, iliyobuniwa na Adolphe Kégresse, fundi aliyewahi kutunza magari ya mfalme wa Urusi na aliyetafuta namna ya kutembea juu ya theluji. Kilichofaa kwa theluji kilifaa pia kwa mchanga na matope.

Kila gari lilipewa jina. Moja liliitwa Mdudu wa Dhahabu, jingine Hilali ya Fedha, jingine Tembo mwenye Mnara, jingine Konokono mwenye Mabawa. Majina hayo yameandikwa vitabuni, na filamu ya safari hiyo ilionyeshwa Paris mwaka 1926. Lakini maelfu ya wanakijiji waliofyeka msitu wa Kongo na kujenga madaraja ili yapite, majina yao hayakuandikwa. Konokono ana jina katika historia. Aliyemkatia njia hana.

Hapo ndipo wazee wanapohitajika. Anayejua kwamba babu yake alichimba kilomita fulani ya barabara, au alikuwa dereva wa kwanza wa kijiji, au boyi-shofere aliyelala juu ya mizigo na kuweka kigingi nyuma ya gurudumu mlimani, na awaambie wajukuu jina lake. Familia inayokimbia inaacha picha na vyeti nyumbani. Jina la mtu linabebwa kichwani bila uzito.

Jeep, Land Rover na simba wa barabara

Vita ya pili ya dunia ilileta Jeep, gari la jeshi la Marekani lililotengenezwa na Willys na Ford kuanzia 1941, zaidi ya 600,000 hadi vita kwisha. Magurudumu yote manne yalivuta. Baada ya vita, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, Uingereza, aliyekuwa na Jeep shambani kwake, aliazimia kutengeneza gari lake mwenyewe la aina hiyo. Land Rover ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo mwili wake ulitengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haili kutu. Shida ile ndiyo iliyolifanya gari hilo lidumu katika nchi za mvua kama yetu. Toyota ilifuata mwaka 1951 na gari lililokuja kuitwa Land Cruiser, ambalo leo kila mtoto wa Bunia analijua, iwe ni la hospitali, la polisi au la mashirika ya misaada.

Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ilipendwa kwa sababu injini yake ilipozwa kwa hewa: haikuwa na rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka. Zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa hadi 2003. Peugeot 404 nayo ilitoka mwaka 1960 na kujipatia jina katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, 7 tu yakafika mwisho, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Ilishinda tena 1966, 1967 na 1968. Baada ya hapo hakuna mfanyabiashara aliyehitaji kuambiwa ni gari gani la kubebea abiria na magunia.

Gari lisilokufa

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa wananchi wa Zaïre. Huku kwetu Wagiriki na wafanyabiashara wengine wa kigeni walikuwa na maduka, mashamba ya kahawa na malori. Waliokabidhiwa, wengi hawakuwa na uzoefu wala mtaji wa kuagiza bidhaa. Vipuri vikatoweka, barabara zikaharibika, na magari yakaanza kusimama moja baada ya jingine.

Hapo ndipo elimu ya garaji za chini ya mti ilipokua. Gari lililokufa halikutupwa. Springi yake ilikuwa panga na jembe, tairi lake likawa viatu, injini yake ikasukuma kinu cha kusaga mihogo. Magari ya zamani yalikubali kutengenezwa, kwa sababu mtu aliweza kuyafungua na kuyaelewa kwa macho. Gari la leo lenye kompyuta likigoma, fundi asiye na mashine ya kulisoma hukaa akilitazama. Si kwamba la zamani lilikuwa bora: lilikula mafuta, halikuwa na mikanda ya usalama, breki zake zilikuwa dhaifu. Lakini lilimwachia fundi nafasi ya kutumia akili yake.

Elimu hiyo inaweza kubebwa na aliyehama. Kijana aliyepoteza shamba huko Djugu au Irumu anaweza kujifunza kazi ya gari katika garaji za mjini, na hakuna atakayemnyang'anya siku ya kukimbia. Wapo tayari wanaofanya hivyo.

Barabara ni ya nani?

Barabara ya taifa namba 27, kutoka Bunia kwenda Mahagi, imepitiwa na malori ya dhahabu, ya kahawa, ya samaki, ya askari na ya wakimbizi. Mara nyingi katika miaka hii magari yameshambuliwa humo, na watu waliokuwa wakienda sokoni tu hawakufika. Gari likikaa siku tatu bila kupita, bei ya chumvi na mafuta hupanda Bunia na muhogo huozea kijijini. Ndipo tunaposikia thamani ya kile ambacho mababu walikifungua kwa jembe.

Walifungua njia hizo kwa kulazimishwa, na hawakuwa na gari la kupitisha humo. Sisi tumerithi njia, na magari tunayo. Kilichobaki ni usalama wa kupita. Siku lori lenye magodoro litakapogeuza kichwa na kuwarudisha watu nyumbani, kwenye Djugu, Mahagi, Irumu na Mambasa, ndipo barabara itakuwa imewalipa waliyoichimba. Hadi hapo, wenye kukumbuka na wasimulie, na wenye kusikia wayahifadhi majina.